Salama ya Getini

Kandida hakuwa mtu wa kukaa. Pale Kibaoni waliomzoea walijua kwamba ukiwa na shida naye unamfuata huku anatembea, na ukichoka kumfuata, basi shida yako haikuwa kubwa. Aliingia Ifakara akitokea upande wa Mahenge akiwa msichana, hana mtaji wala shangazi wa kumpokea, akaanza kwa kufagia chenga chini ya mashine za kukoboa mpunga. Alizipepeta, akaziuza kwa akina mama wa vitumbua, na akina mama hao akawabana bei mpaka wakampachika jina la Kisado, kile kipimo kidogo cha sokoni. Kutoka chenga alikwenda kwenye debe, kutoka debe kwenye gunia, na sasa alikuwa na Canter, dereva, ghala la kupanga, na wakulima wa Mchombe ambao hawakumpenda sana ila walimngoja yeye kabla ya kuuza, kwa sababu mzani wake haukuchezewa. Si kwamba alikuwa mwema. Aliona wenzake wanaochezea mzani wakinunua msimu huu na kufukuzwa msimu unaofuata, akaona hailipi.

Sasa asubuhi hiyo ya mwezi wa sita, mpunga ukiwa umeanikwa kila uwanja kuanzia Namawala hadi Mlimba, Kandida alikuwa amekalishwa kwenye benchi. Benchi lenyewe lilikuwa ubao juu ya matofali, ndani ya machimbo ya zamani ya moramu nje ya mji. Humo mstaafu mmoja wa jeshi aitwaye Shilinde alipewa ruhusa ya kufundisha watu wenye silaha za leseni, wapige shabaha kwenye ukingo wa udongo. Kituo cha polisi kilikuwa kimeshatangaza kwamba mwenye bastola asiye na cheti cha Shilinde, bastola yake italala kituoni mpaka akipate. Mafunzo yalikuwa siku hiyo. Mengine yangefuata baada ya mavuno.

Baada ya mavuno, kwa Kandida, ni sawa na kumwambia baada ya kufa. Wakulima wa Mchombe walitaka noti mkononi, habari za simu na makato yake hawakutaka kuzisikia, kwa hiyo mnunuzi lazima asafiri na fedha. Misimu miwili nyuma, kwenye njia hiyo ya Mlimba, gogo lililazwa barabarani na vijana wakatoka kwenye matete na mapanga. Walichukua mkoba wote, wakamwachia dereva wake Evarist kovu kuanzia kiwiko hadi kiganja. Ndipo Kandida alipoanza kuhangaikia leseni.

Alipokwenda kuinunua bastola dukani, Morogoro, aliibishania kama anavyobishania mpunga mbichi. Akaishika, akaigeuza, akaielekeza kwenye rafu, kwenye dirisha, kwenye tumbo la muuzaji, mpaka muuzaji akamshika kifundo cha mkono taratibu na kumwambia kwamba bei wataelewana, ila aielekeze kwenye ndoo ya mchanga iliyo pembeni ya meza, kwa kuwa humo dukani hata iliyo tupu huhesabiwa ina kitu. Kandida alidhani ni ujanja wa kumpotezea hesabu. Kifuko cha ngozi ngumu alikikataa, akakiona ghali. Fundi cherehani wake, Levina, alimshonea mfuko wa kitenge wa kufunga kiunoni ndani ya gauni, na gauni likawekewa mpasuo wa kupitisha mkono. Aliyemtazama aliona mama aliyenenepa kidogo upande wa kulia, basi.

Siku hiyo alikuwa ametoka Mchombe alfajiri. Alilala huko kwa Dionisi, wakala wake, wakipima mpunga mpaka giza, na asubuhi alirudi na Evarist kwenye Canter akiwa na fedha zilizobaki. Walipokaribia pale penye matete alipitisha mkono kwenye mpasuo, akaikoki bastola, risasi ikapanda chemba, tayari kufyatuliwa. Hiyo ilikuwa desturi yake. Akishafika nyumbani huitoa. Ila siku hiyo hakufika nyumbani, alikuwa amechelewa, na Evarist alimshusha moja kwa moja machimboni.

Penye kamba iliyofanywa geti alisimama Shilinde, mtu mrefu, Msukuma wa Malinyi, anayeongea kama anayehesabu ng'ombe. Kandida alikuwa na simu sikioni, Dionisi akimweleza kwamba vijana wa Fidelis, mnunuzi mwenzake, wameshatandika maturubai ya kupokelea mpunga pale shuleni Mchombe.

"Salama?" Shilinde akamwuliza.

"Salama tu, afande, shikamoo. Nyumbani hawajambo?"

Shilinde akaitikia marahaba, akamwonyesha benchi. Kandida akapita.

Kwenye benchi walikaa wafanyabiashara wa mji, kila mmoja na uvimbe wake kiunoni. Kulikuwa na Theodori mwenye duka la vifaa vya ujenzi, bwana mnene mwenye kucheka ovyo. Kulikuwa na mwenye kituo cha mafuta, na wengine ambao Kandida aliwajua kwa sura. Na nafasi pekee iliyobaki ilikuwa pembeni ya Fidelis, yule yule wa maturubai. Fidelis alinunua mpunga Namawala na miaka yote alikuwa akiitamani Mchombe. Alimwita Kandida shemeji kwa sababu mke wake alitoka ukoo mmoja na yeye, na neno hilo alilitumia kama watu wengine wanavyotumia kiwiko.

"Shemeji, mbona miguu inacheza hivyo? Unashona cherehani?"

Kandida alimwambia atulie, anayeshona atamshonea sanda. Fidelis akacheka, akagonga kifuko chake cha ngozi ngumu kilichokaa vizuri kwenye mkanda.

Shilinde alianza kwa kusimama kimya mpaka simu zote zikanyamazishwa. Halafu akasema kwamba pale getini hakuwa anawasalimia. Yeye akiuliza salama anauliza silaha, wala haulizi mtu. Salama maana yake mwenyewe ameifungua, ameangalia chemba kwa macho, ameona haina kitu. Mtu anayebeba silaha iliyofichwa, ikiwa na risasi, kuja nayo hivyo si kosa. Alitakiwa tu kusema si salama, naye angempeleka kwenye pipa la mchanga kabla hajakaribia wenzake.

"Nyote mmesema salama," akasema. "Vizuri. Nimewaamini."

Watu wakacheka. Theodori akauliza sasa wakisalimiana wao kwa wao waitikie nini, akaambiwa waitikie njema, au wakae kimya, lakini ndani ya kamba neno hilo ni la bastola peke yake. Kandida hakucheka. Mguu wake wa kulia, uliokuwa ukicheza tangu aketi, ulisimama wenyewe.

Akajaribu kukumbuka kama aliitoa. Hakuitoa. Akaliona tena lile tuta la Kibaoni ambapo kwa kawaida humwambia Evarist akate kona kwenda nyumbani, akaitoe, na leo hapo alikuwa akimfokea Dionisi kwenye simu.

Shilinde akaendelea. Ndani ya kamba hakuna kugusa silaha, si kuitoa, si kuirekebisha, si kumwonyesha jirani ilivyo nzuri. Atakayeigusa bila kuambiwa anakwenda nyumbani. Aliyedanganya getini anakwenda nyumbani. Wakiitwa mstarini, kwenye ukingo, kila mmoja atatoa magazini yenye risasi kwanza, ndipo avute kile chuma cha juu kije nyuma, ndipo aangalie, kidole kiwe nje wakati wote. Kwa sababu, alisema, wengi walioua ndugu zao walitoa magazini wakadhani kazi imekwisha, wakasahau ile moja iliyokwishapanda juu. Na kabla ya yote hayo mtu ajiulize mtutu unatazama nini. Usipojua unatazama nini, usiushike.

Kisha akatoa sandukuni mfuko wa kitambaa, akauinua juu. Ndani aliweka bastola ya mbao ya kufundishia. Akachukua kalamu, akaisukuma kwa nje ya kitambaa, na kifyatulio kikaenda nyuma bila mtu kuingiza kidole.

"Wenye kubebea hivi," akasema, "mmevaa soksi. Soksi ni ya mguu."

Benchi zima likacheka tena. Kandida akahisi ile bastola kwenye nyonga yake kama mtu anavyohisi nge akiwa hajamwona. Mtutu ulitazama chini, kwenye paja lake, na pembeni ya paja lake lilikuwa goti la Fidelis. Simu ilimtetemekea mkononi. Alijua ni Dionisi, na alijua anachotaka kuuliza: wakulima wanamngoja au wauze? Hakupokea. Akaanza kupiga hesabu.

Akingoja zamu yake mstarini, atavuta nyuma na risasi itaruka mbele ya Shilinde na wote. Hapo cheti kimekwenda, na jina pia. Akisema sasa hivi, cheti kimekwenda vile vile. Lakini kulikuwa na choo. Choo cha mabati, pembeni kabisa ya machimbo. Atoke, aingie, aitoe ile moja, aidondoshe shimoni, arudi. Akifika mstarini bastola itakuwa tupu kama alivyosema getini, na salama yake itakuwa imelipwa, japo kwa kuchelewa. Ilikuwa hesabu safi. Hakuona pa kuipinga.

Akaomba ruhusa. Shilinde akamruhusu, akamkumbusha kwamba silaha ibaki kama ilivyo. Kandida akaitikia ndiyo, akatembea, na kwa mara ya kwanza maishani alitembea polepole.

Ndani ya choo alifunga kitasa cha waya, akapitisha mkono kwenye mpasuo, akaishika. Jasho lilikuwa limelowesha kitenge, na bastola iling'ang'ania kwenye mfuko, ikitaka kutoka kwa kuvutwa na kuzungushwa. Akavuta kidogo. Ndipo lile swali la Shilinde likamjia, si kwa kupenda kwake: unatazama nini?

Mbele yake lilikuwa bati. Nje ya bati hilo kulikuwa na meza ya Noela, dada anayeuza chai na mihogo ya kukaanga kwa wanaokuja machimboni, na Kandida alimsikia akilalamika kwa mteja kwamba mafuta yamepanda tena. Kushoto bati, na nyuma ya bati lile benchi na watu wote. Kulia bati, na nje Evarist amelala kwenye Canter. Chini sakafu ya zege, na risasi ikigonga zege haibaki pale. Juu mbingu, ila ili mtutu utazame juu ulipaswa upite kwanza kwenye tumbo lake mwenyewe, kisha kidevuni. Alizunguka mle ndani nusu mzunguko, akarudi. Hapakuwa na upande. Bati lilikuwa na matundu ya misumari, na kwenye tundu moja aliliona sikio la Noela, karibu kuliko alivyodhani, na hereni ya plastiki ikicheza kila alipogeuza mihogo.

Kandida hakuwa na huruma za ovyo. Alilitazama lile sikio kama anavyotazama gunia lenye unyevu, akijiuliza akilichukua litamgharimu nini, na jibu alilolipata lilizidi Mchombe yote, na Canter, na ghala. Akaachia. Akatoa mkono taratibu, kidole kwa kidole, akafungua waya, akatoka.

Hakurudi kwenye benchi. Alikwenda mpaka mbele ya Shilinde, akasimama mikono ikiwa mbali na mwili kama mtu aliyepakwa rangi.

"Afande, mimi si salama."

Shilinde hakuinua sauti. Aliwaambia watu wa benchi wanyanyuke wapite nyuma ya rundo la kokoto, wasikimbie. Akamwongoza Kandida mpaka kwenye ukingo, akamweka uso kwenye udongo, akamwelekeza afungue kamba za mfuko bila kuingiza mkono ndani. Ilichukua muda, kwa sababu Levina alikuwa fundi na mafundo yake hayakufunguka kirahisi. Mfuko ukalazwa mchangani, mtutu ukitazama ukingo. Shilinde akapiga goti, akaitoa mwenyewe, akatoa magazini, akavuta nyuma. Risasi ikaruka, ndogo, ya njano, ikadondoka mchangani kama punje.

Akaiokota, akaiweka kiganjani, akamtazama.

"Ulikwenda kuitolea chooni."

"Nilikwenda."

"Kwa nini hukuitoa?"

Kandida akamwambia kwamba hapakuwa na upande. Shilinde akatikisa kichwa, akasema, "Ukweli wako nimeupokea, mama. Cheti sina."

Hapo ndipo Kandida alipopata nguvu zake, kwa sababu mtu aliyesema hapana alikuwa kwake mtu aliyefungua mazungumzo. Akamwambia kosa ni la swali. Akaweka mkono kiunoni kabisa, kama yuko mbele ya mzani.

"Afande, mimi nikiwa na malaria ya kulazwa, ukiniuliza salama nakujibu salama, ndipo niseme ila kichwa kinauma. Kila mtu hapa ndivyo alivyolelewa. Wewe umeuliza, nimeitikia, hukungoja nifike kwenye ila."

Shilinde alimsikiliza mpaka mwisho. Aliigeuza ile risasi kiganjani. Kisha akageukia rundo la kokoto na kuwauliza waliokuwa nyuma yake kwa sauti ya gwaride kwamba hii siyo salamu, anauliza: nani ana risasi chemba?

Nyuma ya kokoto mkono wa Theodori ulipanda nusu, ukasita, ukamalizia. Baada yake ukapanda wa mwenye kituo cha mafuta. Hakuna aliyecheka. Shilinde alivua kofia, akajifuta uso, na kwa muda alionekana mzee kweli. Wote waliitikia salama, na wote aliwakalisha goti kwa goti.

Alipomaliza kuwapeleka ukingoni mmoja mmoja alimrudia Kandida, akamwambia ana haki, lile neno halifai. Kuanzia leo getini atauliza kama ina risasi au haina, na mtu aitikie atakavyo.

"Kwa hiyo?" akauliza Kandida.

"Kwa hiyo neno nitalibadilisha. Cheti bado sina."

Kandida alishusha bei. Alisema atakaa hadi jioni arudie somo lote peke yake. Alisema atakuja Jumapili baada ya misa. Alisema atanunua kifuko cha ngozi leo hii, hata kiwe na bei gani. Mwisho akataja mchele, wa daraja la kwanza, mpya, na Shilinde akainua mkono akamwambia kwamba hapo kwenye mchele ndipo anapoharibu. Bastola itakwenda kituoni pamoja na ile ya Theodori na ya yule wa mafuta, na watarudi wote baada ya mavuno. Mfuko wa kitenge akamrudishia, akamwambia autumie kwa simu.

Basi ikawa imekwisha. Kandida alivuka kamba, lakini hakupanda gari. Alisimama kwenye meza ya Noela akiwa na muhogo mkononi asioula, akisikiliza milio ikitoka ukingoni, mmoja mmoja, kwa mpangilio, na kila mlio ulimrusha bega. Noela akashika hereni yake akauliza kama imekatika, maana mama anaiangalia sana. Kandida akasema haijakatika, akambishia bei ya muhogo.

Kwenda Mchombe na mkoba bila silaha hakuwezekani, kwa maana Evarist ameshasema hataki, na kwa mkono ule nani wa kumlazimisha. Kutokwenda hakuwezekani pia, kwa sababu kesho maturubai ya Fidelis yatakuwa yamejaa. Alizunguka Canter mara kadhaa. Evarist, akiwa bado amelala, alimwomba atulie kidogo, gari linatikisika.

Fidelis alitoka na cheti chake akikipepea. Alikuwa amejiandaa kucheka, ila alipomwona Kandida anamjia kwa mwendo ule wake wa kawaida, akakikunja.

"Twende wote Mchombe, leo hii," Kandida akasema. "Gari moja. Wewe unayo bastola, mimi nina wakulima. Wale hawakuuzii wewe, unajua. Maturubai yako yako wazi mpaka sasa."

Fidelis akasema yako wazi kwa sababu vijana wake hawajaanza. Kandida akasema hawajaanza kwa sababu hakuna aliyewaletea hata debe, ameambiwa na Dionisi, na kama anabisha apige simu. Fidelis hakupiga.

"Nusu kwa nusu," akasema.

"Nusu ya nini? Ya mzani wangu? Theluthi, na Namawala unaniachia upande wa bondeni."

"Shemeji, umenyang'anywa silaha mbele ya watu, bado unapanga?"

"Ndiyo maana napanga. Ningekuwa nayo ungeniona hapa?"

Wakabishana wakiwa wamesimama juani, yeye akitaja theluthi, yule akitaja nusu, mpaka Noela akawamiminia chai bila kuombwa na kuwadai. Mwisho walikutana katikati, Namawala ikabaki ilivyo, na Kandida akaongeza sharti ambalo halikuwa la mpunga: bastola itakaa kwenye kifuko chake njia nzima, chemba tupu, na Fidelis atakaa dirishani, siyo katikati.

"Na wale wa kwenye matete wakitoka?"

Kandida alifikiri. Akakitazama kile kifuko cha ngozi.

"Tutaona," akasema. "Fungua kwanza niione."

Fidelis akasema ametoka kukaguliwa na afande sasa hivi. Kandida akamwambia afande si abiria. Basi Fidelis akarudi ndani ya kamba mpaka ukingoni, akamwomba Shilinde asimamie, akatoa magazini, akavuta nyuma, na Kandida akiwa nyuma yake akachungulia mle ndani kwa muda mrefu kama mtu anayekagua ghala la kupanga. Halafu akaondoka mbio, akagonga mlango wa Canter, na huku Evarist akitafuta viatu yeye alikuwa ameshampigia Dionisi. Alimwambia awaambie wakulima wasiuze, anakuja, anakuja na Fidelis. Dionisi akataka kuuliza Fidelis yupi, akakuta simu imekatwa.